Akiba Inayooza

Miaka ile nilikuwa mtu wa kuchoka. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na huzuni ya kumweleza mtu. Nilikuwa nimechoka tu, kama wengine wanavyokuwa warefu au wafupi. Nilifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, zamu ya usiku, na asubuhi nilirudi Woolwich, pembeni mwa London, kwa basi nikiwa nimesimama, mkono kwenye bomba na macho nimeyafumba. Nikifungua mlango wa flati yetu, kitu cha kwanza nilichotega sikio kukisikia hakikuwa sauti ya baba. Nilitega sikio kuisikia mashine yake. Ikiwa inahema, nilivua viatu.

Baba alikuja kukaa nami mwishoni mwa miaka ya tisini, mama alipokwisha kufariki na ndugu zangu wa Tanga kuamua kwa pamoja, bila kuniuliza, kwamba aliyeko Ulaya ndiye mwenye hospitali. Alikuwa amefanya kazi karibu umri wake wote kwenye kiwanda cha mkonge, chumba cha brashi, pale nyuzi zinaposuguliwa zing'ae na vumbi lake linapanda hadi darini. Vumbi lile lilikuwa limemkaa mapafuni. Madaktari wa huku wakampa mashine ya oksijeni, kubwa kama kabati la kando ya kitanda, inayovuta hewa ya chumbani, ikaichuja na kumpelekea puani kwa mpira mwembamba. Aliiita mke mdogo, kwa sababu, alisema, inakoroma usiku kucha na haimwachi aende mbali. Aliweza kuiacha muda mfupi, kwenda chooni au kufungulia mtu mlango. Akizidisha hapo, midomo ilianza kubadilika rangi.

Mashine ile ilikula umeme, na jengo letu lilikuwa la zamani. Watu nyumbani hawakuamini nilipowaambia kwamba London nako umeme hukatika. Haukukatika mtaa mzima kama kwetu. Ulikatika kwa jengo letu, kwa sababu ya nyaya zilizochoka kuliko mimi. Asubuhi moja nilikuta lifti imekufa. Nikapanda ngazi nikilaani kila ghorofa, na nilipofika karibu na mlango wetu nikasikia kimya. Baba alikuwa amekaa dirishani, shingo ameinyoosha kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, midomo rangi ya zambarau. Mtungi wa oksijeni wa dharura ulikuwa pale pale kando ya goti lake, mzima, umejaa. Lakini koki yake ilifunguliwa kwa ufunguo mgumu wa chuma, na vidole vya baba havikuwa na nguvu tena ya kuuzungusha. Alijaribu, akashindwa, akaamua kunisubiri.

Nilimuuliza mbona hakugonga kwa jirani. Akasema hakutaka kusumbua watu asubuhi asubuhi.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: umeme ukikatika mimi nikiwa kazini, mashine isinyamaze. Sikutaka nyumba, sikutaka mume mwingine. Nilitaka betri.

Kwanza nilinunua kile kisanduku ambacho watu wa ofisini huweka chini ya meza ili kompyuta isizimike ghafla. Aliyeniuzia alikuwa kijana mwenye tai. Nilikifunga, nikazima umeme kujaribu, na mashine ya baba ikaendelea kuhema kwa muda wa kuchemsha chai, kisha kisanduku kikapiga kelele na kukata roho. Nilikisoma ubavuni: ndani kulikuwa na betri ndogo ya kutosha mtu kuhifadhi kazi yake na kuzima kompyuta. Baba, aliyekuwa fundi wa mashine kabla ya kuwa mgonjwa, alinitazama akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia mimi si mkulima, na hilo silo jembe.

Muuguzi mmoja Mkenya niliyefanya naye kazi ndiye aliyenielekeza Kenton, upande wa pili wa London, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Aliuza ving'ora vya wezi, taa za dharura na betri za kila umbo, na Kiswahili chake kilikuwa bado na harufu ya duka la rejareja: kifupi, cha haraka, hakina salamu ndefu. Hakuniuliza nina kiasi gani. Aliniuliza ninaendesha mzigo gani, kwa muda gani, na betri italala wapi. Nilipotaja betri ya gari, maana ndiyo niliyoijua, akacheka. Betri ya gari, alisema, ni mpiga mbio: inatoa nguvu nyingi mara moja ya kuwasha injini, kisha inapumzika. Ukiikamua polepole mpaka iishe, mara chache tu imeharibika. Tena ina maji ya asidi yanayotaka kuongezwa, na inatoa gesi, na mgonjwa wangu yuko chumba hicho hicho.

Akanionyesha betri nzito iliyofungwa pande zote, haina hata kifuniko cha kutia maji. Asidi yake imenyonywa ndani ya kitambaa kama maji kwenye sponji, haimwagiki hata ikianguka. Aligeuza tatu au nne akitafuta iliyopigwa mhuri wa tarehe ya karibuni, kwa sababu betri huanza kuzeeka siku inapotoka kiwandani, si siku unapoinunua, na iliyosahauliwa rafuni mwaka mzima ni mzee aliyepakwa rangi nywele. Akanipa na inveta ya kugeuza nguvu ya betri iwe umeme wa nyumbani, yenye chaja ndani yake, akahakikisha chaja imewekwa kwenye alama ya betri za kufungwa. Betri, alisema, iwe mahali pa baridi, na isitolewe kwenye chaja. Nilisikia la kwanza. La pili lilipita, nadhani, kwa sababu ndilo lililoonekana rahisi.

Niliisafirisha hadi Woolwich ndani ya kigari cha kununulia mboga, kile cha magurudumu mawili ambacho huku hukokotwa na akina bibi. Gurudumu moja lilivunjika njiani, kwenye ngazi za stesheni. Kijana mmoja akanisaidia, akauliza kama nimebeba mawe.

Nyumbani baba aliniuliza ni betri ya namna gani. Nikamwambia ni betri kavu. Sikuwa na neno jingine. Kwetu isiyotiwa maji ni kavu. Nilimwona uso wake unatulia, kama mtu aliyetajiwa jina la mtu wa kwao.

Neno lile ndilo lililoniponza. Kwa baba, betri kavu zilikuwa zile za redio, za kuwekwa mbili mbili mgongoni. Na kila mtu wa umri wake anajua betri za redio zikichoka zinafanywaje: zinatolewa, zinaanikwa juani, zinapata nguvu, taarifa ya habari inasikika tena. Utotoni mwangu ukutani kwetu kulikuwa na safu ya betri zimeanikwa karibu na dagaa. Sasa kipupwe cha London hakina jua la kuanikia hata leso. Ila kilikuwa na hita, lile bamba la chuma chini ya dirisha linalopashwa kwa maji ya moto. Betri nilikuwa nimeiweka juu ya kibao chenye magurudumu, ili niweze kufagia. Baba akaisukuma kwa mguu, taratibu, mpaka ikagusana na hita, akaiacha hapo ipate joto.

Niligundua kwa pua. Chumba kilinuka mayai viza. Betri ilikuwa imevimba mbavuni, plastiki imejikunja, na ukiigusa inachoma. Nikang'oa waya wa chaja, nikafungua madirisha yote, nikamfunika baba mablanketi mawili na koti langu la baridi, na upepo wa Mto Thames ukaingia ukatuzunguka tukiwa tumekaa kama wakimbizi. Nilimkaripia. Nilimwambia angetuua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nyumbani tungeianika na isingevimba.

Nilirudi Kenton na betri iliyovimba. Mzee wa duka aliitazama akauliza kama nilikuwa naipika. Nikamweleza. Hakucheka mara hii. Alisema bibi yake mzaa mama, kule Kisumu, alizianika zake juu ya bati. Joto la hita, akasema, linaifanya betri ya kufungwa inywe chaji kupita kiasi, nako kunaizidishia joto, na haina pa kupumulia. Nikanunua nyingine. Nilifanya zamu za ziada kwa ajili yake, na nikawa nalala kwenye basi la kwenda pia, si la kurudi tu.

Betri ya pili niliiweka upande wa pili wa chumba, nyuma ya kiti cha baba, nikamwapisha asiisogeze. Aliapa. Akaomba kitu kimoja: aifunike. Mama alikuwa ameacha vitambaa vya kufuma, vile vya kufunikia redio na televisheni, na baba alikuwa amekuja navyo kwenye sanduku. Nikaona hakuna ubaya. Inveta ikafunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya njano, juu yake ikawekwa picha ya harusi yao. Ilipendeza. Sikuona tena taa zake, na nilifurahi kutoziona, maana kila chenye taa nyumba ile kilikuwa kinanidai kitu.

Majira ya baridi yakapita. Siku moja ya mapumziko nilikuwa nakunja nguo. Birika la umeme limewashwa, pasi imewashwa, na swichi kuu ya flati ikaanguka. Taa zikazimika. Nikatulia kusubiri betri ifanye kazi yake. Mashine ikanyamaza. Nikasubiri kidogo tena, mjinga mimi, nikidhani inajipanga. Kisha nikakimbilia mtungi nikaufungua, nikamvisha baba mpira, nikarudisha swichi, ndipo nikavuta kile kitambaa. Plagi ya inveta ilikuwa imelala sakafuni, ina vumbi. Mashine ya baba ilikuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani kidogo, kabla ya Krismasi. Nilimuuliza kama haikupiga kelele. Akasema ililia siku moja, nikiwa kazini, ikalia mpaka ikachoka, kisha ikanyamaza vizuri.

Mara ya tatu Kenton. Mzee wa duka aliigusisha nyaya za kipimo chake, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haikufa na kazi," alisema. "Imekufa na njaa."

Alinieleza kwamba inveta, hata isipoendesha kitu, huwa inanyonya betri kidogo kidogo, na aliyetoa plagi bila kuizima aliiachia inyonye mpaka mwisho. Betri ya namna hii ikikaa tupu, ndani yake kunagandamana kitu kama chokaa, na baada ya miezi haipokei tena chaji hata uibembeleze. Ile isiyotumika nayo hufa. Inataka iwe imechomekwa saa zote, imeshiba, inasubiri. Nikamwambia kwetu tunasema akiba haiozi. Akasema hata kwao Kisumu walisema hivyo, lakini akiba hii inaoza.

Safari ile yote ya kurudi na betri mpya nilikuwa nimekasirika. Nilikasirikia betri, nikamkasirikia baba, nikazikasirikia stesheni zote za katikati. Nilikuwa na hoja nimezipanga. Nilipofika nikamweka baba kitako nikamweleza kila nililoelezwa, na nikamaliza kwa kusema kwamba kitu hiki hakipumzishwi, Baba, hakipumzishwi, ukikipumzisha kinakufa.

Hakubisha. Akasema kiwandani kwao, kila adhuhuri, mashine ya brashi ilizimwa ipoe. Kulikuwa na msimamizi mmoja aliyekataza isizimwe, kwa sababu meli inasubiri mzigo, na mashine ilikatika mkanda ukampiga mtu.

"Kila chenye nguvu hupumzishwa, mwanangu," alisema. "Sijaona kisichopumzika kikadumu. Nakuona wewe."

Nilijifanya naisukuma betri mpya mahali pake. Nilikuwa na hasira bado, na juu ya hasira nilikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka akione, basi nikainama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tukafanya mapatano. Betri ya tatu isingefunikwa. Plagi yake niliifunga kwa utepe ukutani. Kila nilipotoka kazini, kabla ya kuvua koti, niliangalia taa ya kijani, na mara moja kwa miezi michache, baba akiwa kwenye mtungi, nilizima umeme makusudi ili niione betri ikifanya kazi. Baba alikuwa akiangalia nami, akitikisa kichwa kama mtu aliyealikwa kwenye harusi asiyoikubali. Lakini alilishika neno lake, na mwaka ule nilianza kulala usingizi mzima.

Ndipo kaunsili, halmashauri yenye jengo letu, ikaamua kubadilisha nyaya za jengo zima. Tangazo lilibandikwa kwenye lifti: umeme ungezimwa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sikuogopa. Nilimwambia baba mpango: betri ingebeba mashine kwa muda wa saa mbili hivi, ikikaribia kuisha inveta italia, na mimi nitakuwepo, nitafungua mtungi. Nilitoka zamu ya usiku nikaja moja kwa moja, nikanywa kahawa mbili, nikavuta kiti karibu na chake. Umeme ulizimwa. Inveta ikabofya, mashine ikaendelea kukoroma bila kukosa pumzi hata moja. Nilijisifu kwa sauti. Baba akasema kweli, safari hii nimechagua jembe.

Nakumbuka nikiitazama taa ya njano ya betri. Nakumbuka kuambiwa niegemeze kichwa. Kilichoniamsha ni kimya.

Chumba kilikuwa na mwanga mwingi wa mchana. Mashine ilikuwa imezimwa. Baba alikuwa amekaa wima, mpira puani bila hewa ndani yake, mikono miwili juu ya magoti, akivuta pumzi kwa mabega. Midomo yake ilikuwa na rangi ile niliyoiona siku ya lifti. Alikuwa ananitazama, na kidole chake kimoja kilikuwa juu ya swichi ya mashine.

Niliruka nikaiwasha. Ikakubali mara moja, ikakoroma. Nilimshika mabega nikasubiri rangi irudi, na ilichukua muda, na kila nilipotaka kusema kitu alinyoosha mkono kunizuia mpaka apate pumzi ya kusemea.

"Nilikuwa naiwasha na kuizima," alisema hatimaye. "Kidogo kidogo. Ningeiacha betri iishe, ingelia."

"Si ndiyo nilitaka ilie, Baba. Ilie niamke."

"Ndiyo hivyo," alisema. "Ingekuamsha."

Niligeuka kuitazama inveta. Nilihofia nimekuta mabaki, dakika chache za mwisho. Taa zake zilikuwa nne, na tatu zilikuwa zinawaka. Alikuwa amejinyima asubuhi nzima, akivuta hewa ya chumbani kwa mapafu yale, huku nguvu ya kumtosha imejaa pembeni yake bila kuguswa. Nikalia. Nililia kwa hasira, sikuwa na haya, nikamwambia betri imejaa, Baba, bado imejaa, hukuwa na haja.

Alizitazama zile taa, akazihesabu kwa kidole. Alionekana kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitegemea.

"Kumbe ipo," alisema. "Basi rudi ulale. Safari hii siizimi."

Sikurudi kwenye kiti. Nilijilaza sakafuni kando ya mashine, shavu kwenye zulia, mkono wangu nimeulaza juu ya swichi, kwa sababu sikumwamini hata kidogo.